Kura za Kwetu, Vyama vya Kwao

Kwenye karakana ya kushonea bendera, kila mtu alimwita Shangazi. Mkata vitambaa alimwita Shangazi, na mkata vitambaa mwenyewe alikuwa na mvi kumzidi. Wasichana wa mashine za vifungo walimwita Shangazi, mwenye karakana alimwita Shangazi hata siku ya kumfokea, na mleta nyuzi, ambaye hakuwa na habari na mtu yeyote pale ndani, alisimama mlangoni akaita, "Shangazi, nyuzi hizi!" Yeye aliwaitikia wote. Lakini wale watoto ambao kweli alikuwa shangazi yao, watoto wa kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja, walikuwa nchi nyingine, na tangu aondoke kule hakuna hata mmoja aliyepata kumwita hivyo.

Kazi ilikuwa imepungua, kama inavyopungua kila baada ya uchaguzi. Kabla ya kura walishona mpaka vidole vikafa ganzi: bendera, kofia, fulana, vitambaa vya shingoni, vya vyama vyote vya nchi ile, na vyama vilikuwa saba. Mwenye karakana hakuwa na chama, alikuwa na wateja. Sasa kura zimepigwa, wateja wametoweka, na mabaki ya vitambaa yamejaa kwenye magunia mpaka njia ya kwenda chooni imekuwa nyembamba.

Shangazi aliyajua mabaki yale kwa kuyagusa tu. Bluu ilikuwa ya Kisima, chama cha watu wanaotaka maji, zahanati na shule. Njano ya Mzinga, chama cha wafanyakazi. Kijani ya Mche, wakulima na wapenda miti, watu wapole isipokuwa ukikata mti. Kijivu ya Mizani, wenye maduka. Nyeupe ya Miwani, chama cha wastaafu, ambao mikutano yao ilianza mapema na kuisha mapema. Zambarau ilikuwa ya Daraja, na Daraja hakuna aliyejua wanataka nini, wao wenyewe wakiwamo. Nyeusi ilikuwa ya Kufuli, waliotaka wageni wote warudi walikotoka. Bendera za Kufuli Shangazi alizishona mshono mara mbili, kwa ukaidi tu, wasije wakapata la kusema.

Na katika vyama vyote saba hakuna kilichopata kura za kutosha kutawala peke yake. Basi viongozi wao wakajifungia ndani ya jengo moja kujadiliana nani aungane na nani. Wiki zikapita. Televisheni iliyotundikwa ukutani, juu ya mashine ya kupigia pasi, ilikuwa ikionyesha mlango wa jengo lile saa zote, na kitu pekee kilichotokea ni mama mmoja wa makamo kuingia na chai na kutoka na vikombe vitupu. Wenyeji walipiga miayo. Shangazi hakupiga miayo hata kidogo. Aliupenda mlango ule kuliko tamthilia.

"Na wakishindwa kuelewana?" alimuuliza mkata vitambaa, ambaye wote walimwita Mkasi.

"Wataendelea kuzungumza."

"Na watu huku nje?"

Mkasi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Watu wana kazi zao, Shangazi."

Wiki hiyohiyo, kwao alikotoka Shangazi, walipiga kura nao. Kwao vyama vilikuwa viwili: Kengele na Ngazi. Ukizaliwa nyumba ya Kengele wewe ni Kengele mpaka kaburini, na wa Ngazi vivyo hivyo, na anayehama anasemwa mpaka na watoto wadogo. Matokeo aliyaona kwenye simu ya mume wake, ramani nzima imegawanywa nyekundu ya Kengele na kijani ya Ngazi, katikati kabisa kama suruali ya mchekeshaji. Kengele ilikuwa imeshinda kwa upenyo wa sindano.

"Tumeshinda!" mume wake alipiga kelele sebuleni. Enzi zile kwao, alikuwa mpiga debe mkubwa wa Kengele. Huku alikuwa anaendesha gari la mikate. "Mama Watoto, tumeshinda!"

"Tumeshinda nini?" Shangazi aliuliza, na kwa kweli alitaka kujua.

Mume wake akaenda kuwapigia simu marafiki zake.

Kesho yake, wakati wa chai, Shangazi alimwonyesha Mkasi ile ramani. Mkasi alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Viwili tu? Kama viatu?"

"Kama viatu."

"Sasa mtu anayetaka maji lakini hapendi kodi, anaenda wapi? Na mkulima mwenye duka?"

"Anakwenda alikokwenda baba yake."

Mkasi alicheka mpaka akamwaga chai. Halafu, kwa sababu hakuwa na kazi siku ile na mikono yake haikuzoea kukaa bure, alitandaza kitambaa cheupe cha marikani juu ya meza ya kukatia, akachukua chaki na kuichora ile ramani, kubwa, mkoa kwa mkoa. "Haya," alisema. "Mabaki yapo tele. Niambie hawa watu wa kwenu, wangepiga kura kwa vyama vyetu, wangepata nini."

Ilianza kama mzaha. Shangazi aliweka pini mdomoni, akauanza mzaha huo kutoka kaskazini.

Kaskazini walikuwa wachimba madini. Walipigia Ngazi kwa sababu babu zao walipigia Ngazi, lakini walilolilia kila siku ni mshahara na vumbi la kifuani. Shangazi akawakatia njano ya Mzinga. Mji wa mpakani, ambako hata watoto wachanga wanajua kubadilisha fedha, ulipata kijivu. Nyanda za mashariki, zilizokuwa zinaliwa na mchanga kila kiangazi, zilipata kijani, ingawa kwenye simu zilikuwa nyekundu tupu. Mji mkuu ulimtoa jasho. Alilazimika kuukatia vipande vidogovidogo vya kila rangi, na Daraja zambarau hapa na pale, maana watu wasiojua wanachotaka wapo kila mji mkuu. Kufuli alikikwepa. Alisema kwao hakuna watu wa hivyo. Halafu akamkumbuka mama mkwe wake na ukoo wake wote, watu ambao jirani akihama wanashukuru, akacheka peke yake na kukata kipande cheusi, kipande kizuri tu cha kutosha.

Ikawa kila wakati wa chai wanasogeza magunia na kuendelea. Wasichana wa vifungo walikuja kutazama. Na Shangazi, katika kukata na kubandika, aliona jambo ambalo ramani ya simu haikulionyesha. Mikoa iliyorushiana mawe kwa sababu mmoja ni wa Kengele na mwingine wa Ngazi ilikuwa sasa ya rangi moja. Wachimba madini wa kaskazini na makuli wa bandarini, mahasimu wasiosalimiana, walikuwa njano wote. Na wale waliobaki na rangi tofauti, hakuna aliyetosha peke yake. Ingebidi wajifungie kwenye jengo, waletewe chai. Aliwaona kabisa wale wakubwa wa kwao, na vitambi vyao, wakigombea sukari. Aliwatakia chai ile kwa roho yake yote.

Mwishoni kilibaki kipande kimoja cha katikati, pale penye mji wake mwenyewe.

Fundi yeyote wa viraka anajua kwamba unaanza kuunga katikati ukielekea pembeni. Ukianza pembeni kitambaa kinavuta, kinajikunja, na kazi yote inakuwa kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Kwa hiyo vile vipande vyote vilikuwa vimeshikwa na pini tu. Hakikuwa kimeshonwa hata kimoja.

"Kwenu ndio umepaacha," alisema Mkasi.

"Pana kazi."

Ukweli ni kwamba kila alipoufikiria mji ule, hakuona mji. Aliona nyumba ya pampu na kaka yake amesimama mlangoni mwake.

Baba yao alifariki Shangazi akiwa mdogo, na kaka yake ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi wa pampu ya mji. Alikuwa akimbeba mabegani kwenda kazini, anamkalisha juu ya bomba kubwa, anamwambia alaze sikio. "Sikiliza. Yanakuja." Na kweli, kwanza kimya, halafu mngurumo wa mbali, halafu bomba linapata baridi chini ya shavu. Kwenye lango la nyumba ya pampu kaka yake aliandika kwa rangi, kwa herufi kubwa, *Maji yakikatika piga namba hii*, na namba ilikuwa ya simu yake mwenyewe. Mji mzima uliijua kwa kichwa. Watu walimpigia akila, akiwa harusini, akiwa msibani. Hakuwahi kulalamika.

Alikuwa Ngazi, basi, kama baba yao. Shangazi aliolewa Kengele. Miaka mingi walitaniana tu juu ya hilo. Halafu ukaja uchaguzi ule mbaya. Matokeo yalibishaniwa, vijana wa Kengele wakavunja madirisha ya nyumba ya pampu kwa mawe, na kaka yake, kwa hasira, akafunga koki ya mitaa yote ya Kengele. Mtaa wa Shangazi ulikuwa mmojawapo. Yeye hakuhangaika; alichukua ndoo akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, akiwapita watu njiani, ana uhakika kama mtoto anayekwenda jikoni kwao. Kaka yake alisimama langoni, watu wamejaa nyuma yake, akamtazama na ndoo yake.

"Kachote kwa Kengele yako," alisema.

Shangazi alirudi na ndoo tupu, akaukatisha mji mzima. Siku chache baadaye alikuwa ameondoka na mume wake na watoto wake, bila kuaga. Ndoo ilibaki uani.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia, na swali lilikuwa rahisi tu. Mtu yule, ukimvua Ngazi kama unavyomvua mtu koti, ndani yake kuna nini? Shangazi alifikiri. Mezani kaka yake alizungumza habari moja tu: bomba la mtaa gani limepasuka, shule gani haijafikiwa, bibi gani anachota mbali. Siasa alizungumza sikukuu hadi sikukuu. Maji alizungumza kila siku.

"Kaka yangu ni Kisima," alisema kwa sauti.

Na yeye mwenyewe je? Uchaguzi huu wa vyama saba ndio mara ya kwanza alikuwa ameruhusiwa kupiga kura nchi ile. Aliingia kwenye kibanda, akasoma majina saba, na mkono wake ukaenda kwa Kisima bila hata kumshauri. Kila nyumba bomba, ndivyo walivyosema Kisima, bila kuuliza ni nyumba ya nani.

Shangazi aliketi juu ya robota la kitambaa. Kumbe wangezaliwa huku, yeye na kaka yake wangevaa fulana moja. Wangekwenda mikutano pamoja, wangerudi wakibishana msemaji gani wa chama kasema upuuzi. Alianza kucheka, na kicheko kikaharibika katikati. Mkasi alijifanya anatafuta chaki, na chaki ilikuwa sikioni mwake.

"Basi kata bluu," alisema Mkasi alipoona ametulia.

Alikata bluu. Ilikaa pale katikati kama imezaliwa hapo. Lakini alipofika kwenye cherehani, mguu ulikataa kukanyaga.

"Nini tena?"

"Sina hakika. Nimekisia tu."

"Muulize mwenyewe."

"Hatuzungumzi."

Mkasi aligeuka akaitazama televisheni, ambako mama wa chai alikuwa anaingia tena na sinia. "Unadhani wale mle ndani wanapendana?" alisema.

Nyumbani, mume wake alikuwa na jibu la haraka. "Ngazi ni Ngazi. Na usisahau alitufungia maji."

"Alinifungia mimi," alisema Shangazi. "Wewe ulikuwa mkutanoni."

Mume wake alikumbuka kwamba gari la mikate linataka kuoshwa.

Jumapili asubuhi, nyumba ikiwa tupu, Shangazi alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kupiga moyo konde. Hakuhitaji kumuuliza mtu namba. Ilikuwa kichwani mwake, na ile rangi ya langoni, na lile tone lililochuruzika kwenye tarakimu ya mwisho. Aliipiga, akijiambia kwamba haitaita. Ikaita.

"Halo, maji," ilisema sauti ya msichana, ya haraka, ya mtu aliye kazini. "Mtaa gani umekatika?"

Shangazi alikuwa amejiandaa kwa hasira ya kaka yake na kwa kukatiwa simu. Kwa hili hakujiandaa.

"Wa nyuma ya shule," alisema, kwa sababu ndio uliokuwa mtaa wake.

"Nyuma ya shule? Tangu lini, mama?"

"Tangu uchaguzi."

"Haiwezekani. Uchaguzi huu hatukufunga popote. Nimefungua mwenyewe leo, kule yanamwagika mpaka barabarani."

"Siyo uchaguzi huu," alisema Shangazi. "Ule mwingine."

Nyuma ya msichana ilisikika pampu, taratibu, duk, duk, duk. Ilikuwa ileile. Shangazi alisukuma simu sikioni mpaka sikio likauma.

"Naongea na nani?"

"Mimi ni shangazi yako."

"Shangazi yupi?" aliuliza msichana, na papo hapo, kama anayejijibu mwenyewe, "Mimi nina mmoja tu." Halafu sauti ikapanda. "Shangazi!"

Kutwa nzima watu walimwita hivyo, mwaka hadi mwaka, wakimtaka nyuzi na mkasi. Huyu alikuwa anamwita yeye. Alipoondoka mtoto huyu alikuwa na pengo mbele. Sasa alikuwa anafungulia mji mzima maji.

"Baba yako yupo?" aliuliza.

"Yupo hapa nje, amekaa. Baba! Simu!"

"Wamekatikiwa wapi?" ilisikika sauti kwa mbali.

"Siyo maji, baba. Shika tu."

Simu ilipokewa vibaya, ikagongwa na kitu, ikasogezwa. Mtu alipumua.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba," alisema kaka yake. Kisha akarudia, polepole, "Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hamjambo huko? Bwana wako hajambo?"

"Hajambo. Ameshinda uchaguzi."

"Nimesikia. Wenzake wametugongea kengele mpaka mbwa wakahama."

Wakacheka kidogo, wote wawili, kwa tahadhari. Kisha hakuna aliyejua pa kupita. Shangazi alikuwa na maneno ya miaka aliyoyapanga vizuri, ya ndoo, ya lango, ya watu waliokuwa wanatazama, na yote yalikimbia. Kilichobaki ni ule mchezo wa wakati wa chai. Basi akashika hapo.

"Kaka, nina swali la kijinga."

Alimweleza vyote: karakana, marikani, vyama saba, wachimba madini waliogeuka njano. Kaka yake alisikiliza kama alivyosikiliza mashine, na akauliza maswali ya mtu anayetaka kujua kila kitu kimeunganishwa wapi. Aliposikia juu ya mama mkwe na Kufuli alikohoa kwa kicheko.

"Sasa wewe nimekuacha mwisho," alisema Shangazi. "Nilitaka nikuulize ungekuwa wapi."

"Hicho cha wastaafu kinaitwaje?"

"Miwani."

"Niweke hapo."

"Wewe? Miwani?"

"Mdogo wangu, sioni. Macho yameniacha, moja kwanza, halafu la pili. Pampu anashika binti. Mimi nakaa hapa kivulini namwambia ikibadilisha mlio."

Shangazi aliangalia ukuta. Wakati wote ule kaka aliyekuwa kichwani mwake alikuwa na ovaroli na spana mfukoni na mabega ya kubebea mtoto. Huyo ndiye ambaye Shangazi alikuwa amemkasirikia, na ndiye aliyemkatia kipande cha bluu. Wasichana wa vifungo aliwafokea kila siku kwa jambo hilihili, kumkatia mteja nguo kwa vipimo vya mwaka juzi, na yeye kafanya hivyohivyo kwa ndugu yake. Mzee huyu aliyekaa kivulini, Shangazi hakuwa amempima kabisa. Alimwonea huruma, na alitamani kumwona kuliko alivyotamani kumwona yule mwingine, na hakujua kwamba hilo linawezekana.

"Mimi nilikuwa nimekuweka Kisima," alisema.

"Hao wanataka nini?"

"Maji. Kila nyumba bomba, bila kuuliza ni nyumba ya nani."

Pampu ilipiga, duk, duk.

"Hao wasingenipokea," alisema hatimaye. "Unajua mwenyewe kwa nini."

Shangazi alijua. Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Macho haya yamekataa kila kitu," kaka yake aliendelea, kwa sauti ya chini, pengine binti asisikie. "Sura ya mke wangu siioni vizuri. Lakini ile ndoo yako naiona. Naiona hata rangi yake. Nilikasirika mwaka wa kwanza. Baadaye hasira iliisha, ikabaki aibu, na aibu haipigi simu."

Shangazi alilia waziwazi, na hakujaribu kuficha. Kaka yake alimwacha alie. Alikuwa hodari wa kungoja, tangu zamani, sikio kwenye bomba.

"Mimi ni mpiga kura wao," alisema Shangazi alipoweza. "Hao wa Kisima. Nitakusemea."

"Watakubali?"

"Itabidi mjadiliane. Miwani na Kisima. Huku hakuna anayetosha peke yake."

"Inachukua muda gani?"

"Wiki nyingi. Wanaletewa chai."

"Basi tuanze," alisema kaka yake. Kisha akauliza kitu ambacho Shangazi alikuwa anakiogopa tangu simu ilipoita. "Utakuja lini?"

"Sijui, kaka."

"Haya. Lakini uje ningali nasikia."

Jumatatu, Mkasi alikuwa amefika mapema na ameshasogeza magunia. Wasichana wa vifungo walikuwa wamejipanga kuzunguka meza kama watu wanaongojea keki.

"Ehe," alisema Mkasi, akisugua mikono. "Katikati ni rangi gani? Nani kashinda?"

Shangazi aliinama juu ya marikani. Alichomoa pini, akakitoa kile kipande cha bluu, akakikunja. Pakabaki tundu, ukubwa wa kiganja, na vipande vyote vya nchi yake vimelizunguka vikingojea kuungwa.

"Nilikata kwa vipimo vya zamani," alisema. "Lazima nikampime upya."

"Kampime kwa simu."

"Mtu hapimwi kwa simu."

Alivua utepe wa kupimia shingoni, akauzungusha vidoleni mpaka ukawa mdogo, na badala ya kuutundika kwenye msumari wake, akautia kwenye mkoba aliokuwa anakuja nao kutoka nyumbani. Mkasi aliutazama msumari mtupu, akautazama mkoba.

"Kwa hiyo matokeo hakuna?"

"Hayajatoka," alisema Shangazi. "Bado tunazungumza."